UZI: "Kesi ipelekwe moja kwa moja Mahakama ya Juu kama Texas!" Hebu tuongee kuhusu mlango huo na nani anaruhusiwa kupita

Karani Mstaafu (Mbeya):

Wakuu, kamwene, ugonile, na salamu nyingine zote za huku Nyanda za Juu.

Kila kesi ya ardhi, ya uchaguzi au ya mipaka ya hifadhi ikichachuka humu jukwaani, hakosekani mtu wa kuandika: "Hizi mahakama za chini ni kupotezeana muda, iende juu moja kwa moja. Marekani jimbo la Texas lilienda siku hiyo hiyo." Na likes zinamiminika. Mimi nimestaafu kazi ya masjala, sina cheo cha uwakili, lakini huo mfano wa Texas unaniwasha kila nikiusoma. Texas ni mfano wa kinyume kabisa.

Desemba 2020 Texas ilifungua shauri moja kwa moja Mahakama ya Juu ya Marekani dhidi ya majimbo manne: Pennsylvania, Georgia, Michigan na Wisconsin. Ilidai yameendesha uchaguzi wa Rais kinyume cha Katiba. Tarehe 11 Desemba, hata wiki haijaisha, Mahakama ikalikataa kwa amri fupi ambayo ungeweza kuisoma ukiwa umesimama. Ilisema Texas haikuonyesha kuwa ina maslahi yanayotambulika kisheria katika namna jimbo jingine linavyoendesha uchaguzi wake. Hakuna shahidi aliyeitwa wala kielelezo kilichopokelewa.

Na hao walikuwa jimbo zima, lina gavana, lina Mwanasheria Mkuu. Sasa wewe na bahasha yako ya kaki?

Mahakama ya juu kabisa kazi yake kubwa ni rufaa. Shauri limeanza chini, mashahidi wamehojiwa, hukumu imetoka, aliyeshindwa anapanda nalo. Mamlaka ya awali ni habari nyingine: shauri linazaliwa hapo hapo juu, halijapita kwa hakimu yeyote. Nchi za shirikisho, zile zilizoundwa na majimbo yenye serikali zake, zimeweka mlango huo kwa sababu moja ya maana sana. Jimbo la Florida likilalamika kwamba Georgia inamaliza maji ya mto, kesi isikilizwe na jaji wa nani? Wa Florida, Georgia watasema ameegemea kwao. Wa Georgia, ndiyo hivyo hivyo. Inabidi apatikane msikilizaji ambaye si wa huku wala kule, na heshima yake inatosha kuwakalisha magavana chini.

Ndiyo maana Ibara ya 3 ya Katiba ya Marekani imetaja mambo mawili tu: mashauri yanayowagusa mabalozi na makonseli wa nchi za nje, na mashauri ambayo jimbo ni mhusika. Mengine yote Mahakama ya Juu inayapata kwa rufaa.

Watu wanadhani mipaka hiyo imewekwa na majaji wavivu. Hapana. Mwaka 1803 kulikuwa na bwana mmoja, William Marbury, aliyeteuliwa kuwa hakimu wa amani Washington, hati yake ikasainiwa lakini serikali mpya ikagoma kumkabidhi. Akaenda moja kwa moja Mahakama ya Juu, kwa sababu Bunge lilikuwa limetunga sheria mwaka 1789 inayoonekana kumruhusu. Jaji Mkuu John Marshall akasema mambo mawili yanayokera ukiyasikia pamoja. La kwanza, haki yako unayo, hati ni yako. La pili, hapa si pa kuidai, kwa sababu orodha ya wanaoweza kuanzia hapa imeandikwa na Katiba, na Bunge haliwezi kuirefusha kwa sheria ya kawaida. Kifungu kile kikafa. Watu wengi wanaikumbuka kesi ile kwa sababu mahakama ilijipa uwezo wa kufuta sheria ya Bunge. Wanasahau kwamba ilifuta sheria iliyokuwa inaiongezea yenyewe madaraka! Ni wangapi wangekataa?

Hoja yangu basi ni hii: mlango ule ni wa serikali kwa serikali, aliyeuweka ni Katiba, na wembamba wake una faida kuliko mnavyodhani. Karibuni, mnaobisha mbishe kwa hoja.

Dogo wa Sheria (Iringa):

Shikamoo mzee Karani. Uzi mzuri sana. Naongezea mfano wa jirani, maana watu wakisikia 1803 wanaona ni hadithi za kale.

Kenya wana Mahakama ya Juu tangu Katiba yao ya 2010. Ibara ya 163 inaipa mamlaka ya awali, tena ya pekee, kwenye kesi ya kupinga uchaguzi wa Rais, na inatakiwa iamue ndani ya siku 14. Ndiyo iliyofuta matokeo tarehe 1 Septemba 2017. Kenya si shirikisho, ni ugatuzi, lakini angalia kilichotokea mwaka 2012. Mwaka mmoja kabla, Bunge lilikuwa limetunga Sheria ya Mahakama ya Juu, na kifungu cha 14 kikaipa uwezo maalum wa kupitia upya hukumu za majaji walioondolewa au kujiuzulu kwa sababu ya malalamiko. Mfanyabiashara S. K. Macharia akaja na kesi yake dhidi ya benki. Mahakama ikasema: uwezo huo Katiba haikutupa, na Bunge haliwezi kutupa. Kifungu kikafutwa.

Ni Marbury yule yule, kahamia Nairobi.

Karani Mstaafu (Mbeya):

Marahaba dogo. Mfano huo nitauiba.

Mpunga Mbarali:

Mzee, heshima yako, lakini naona mnatetea mabwana wakubwa. Sisi wa Usangu tumekuwa na mgogoro na hifadhi tangu Tangazo la Serikali namba 28 la mwaka 2008 lilipoingiza eneo letu Hifadhi ya Ruaha. Mtu analala na wasiwasi, anaamka na wasiwasi. Leo unamwambia aanze chini, apande, arudi, apande tena. Mahakama ya Rufani inakuja Mbeya kwa vikao, majaji tunawaona wanapita. Kwa nini wasitusikilize wakiwa hapa hapa?

Karani Mstaafu (Mbeya):

Mkuu Mpunga, siwatetei. Ngoja nikuonyeshe nilichokuwa nakiona dirishani.

Mzee anafika na bahasha imelowa jasho, kasafiri na basi la alfajiri. Ndani kuna hati ya madai iliyochapwa steshenari, juu imeandikwa kwa herufi kubwa KATIKA MAHAKAMA YA RUFANI YA TANZANIA, na mwisho kaorodhesha mashahidi saba, akiwemo balozi wa nyumba kumi na mtu aliyepima shamba kwa hatua za miguu. Unaisoma, unaisukuma irudi upande wake. Anakutazama, anadhani unataka kitu kidogo. Unaanza kumweleza kwamba kule hakuna kizimba cha hao saba. Majaji wa Rufani wanaketi na jalada: mwenendo wa shauri, hukumu, sababu za rufaa. Mpima shamba kwa miguu hawezi kuhojiwa pale, na ushahidi wake ndio roho ya kesi nzima. Ibara ya 117 ya Katiba yetu imeipa mahakama ile kazi ya kusikiliza rufaa. Kuja kwake Mbeya ni kusogeza rufaa karibu na watu, basi.

Na kuna hili ambalo watu hawalipigii hesabu. Ukianzia juu kabisa ukashindwa, unakata rufaa wapi? Umeshamaliza ngazi siku ya kwanza. Mtu mwenye hasira haoni hatari hiyo.

Kwa mgogoro wa mwananchi na Serikali, njia iko wazi: notisi ya siku 90 kwa wizara au taasisi husika, nakala kwa Mwanasheria Mkuu, halafu shauri linafunguliwa Mahakama Kuu, na Mahakama Kuu ipo hapa Mbeya. Hapo ndipo penye mamlaka ya awali kwa ajili yako, pana mashahidi na vielelezo vyote. Ukiruka notisi, wakili wa Serikali anasimama na pingamizi la awali, shauri linaondolewa hata hujafungua mdomo kuhusu mpunga.

Mpunga Mbarali:

Siku 90 ni msimu mzima wa mpunga mzee. Ila umeeleweka.

Mnyalukolo:

Kamwene wote. Mimi nataka turudi kwenye maji, maana Florida na Georgia wamenikumbusha kwetu. Ruaha Mkuu unatoka huko juu Usangu, unapita Ihefu, unaingia hifadhini, unateremka mpaka Mtera na Kidatu kwenye umeme. Tangu mwaka 1993 mto unakauka ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi. Wa chini wanawalaumu wa juu kwamba mifereji ya mpunga na mifugo inawanyima maji, wa juu wanasema na sisi tule nini. Je, tungekuwa na majimbo, Iringa si ingemshitaki Mbeya Mahakama ya Juu na mambo yakaisha?

Karani Mstaafu (Mbeya):

"Yakaisha" ndipo unapokosea hesabu, Mnyalukolo. Hapa ndipo penye utamu wenyewe, naomba mnivumilie.

Mwaka 1952 Arizona ilimfungulia California shauri Mahakama ya Juu ya Marekani kuhusu mto Colorado. Majaji tisa hawawezi kukaa kusikiliza wataalamu wa mifereji, kwa hiyo huwa wanateua mtu maalum anayekwenda kukusanya ushahidi na kuwaandikia ripoti. Usikilizaji ulianza Juni 1956 ukaisha Agosti 1958. Mashahidi 340, mwenendo wa kurasa 25,000. Hukumu ikatoka 1963: katika futi-ekari milioni 7.5 za kwanza za maji kwa mwaka (futi-ekari ni maji ya kufunika ekari moja kwa kina cha futi moja), California 4.4, Arizona 2.8, Nevada 0.3. Miaka 11 tangu shauri lifunguliwe! Na baada ya hapo wameendelea kurudi mahakamani kwa miongo kurekebisha hiki na kile. Sasa pata picha mahakama hiyo ndiyo inayotakiwa pia kusikiliza rufaa za nchi nzima.

Ndiyo maana majaji wenyewe wamezidi kuufinya mlango. Kwa sheria yao, jimbo kwa jimbo ni lazima iwe pale pale Mahakama ya Juu, hakuna mahakama nyingine inayoruhusiwa. Hata hivyo, jimbo halifungui tu, linaomba kwanza ruhusa ya kufungua. Mwaka 2014 Nebraska na Oklahoma waliomba ruhusa wamshitaki Colorado kwa kuhalalisha bangi inayovuka mpaka na kuingia kwao. Mwaka 2016 wakakataliwa bila sababu kuandikwa. Majaji wawili, Thomas na Alito, walipinga wakisema: kama mahakama pekee inayoweza kusikiliza imekataa, hawa waende wapi? Hoja nzito, na mimi niko upande wao. Kubana wanaoingia sawa, lakini Katiba ikisema serikali fulani inasikilizwa hapa tu, kuikatalia bila hata aya moja ya maelezo ni kuiacha barabarani.

Na hiyo Florida yenyewe? Ilisikilizwa, na mwaka 2021 ikashindwa. Ilidai chaza wake wa ghuba ya Apalachicola wameporomoka kwa sababu Georgia imechota maji mengi mno. Mahakama kwa kauli moja ikasema hamjathibitisha kwamba matumizi ya Georgia ndiyo yaliyosababisha. Kumbuka Ihefu hapo. Kuthibitisha nani kakausha mto, kati ya mkulima, mfugaji, mvua na miti iliyokatwa milimani, si jambo la kusimama mbele ya jaji na kulia.

Dogo wa Sheria (Iringa):

India waliliona hilo mapema. Ibara ya 131 ya Katiba yao inaipa Mahakama ya Juu mamlaka ya awali, na ya pekee, kati ya Serikali Kuu na jimbo au jimbo na jimbo. Halafu Ibara ya 262 ikageuka ikasema: kwa mito inayopita zaidi ya jimbo moja, Bunge linaweza kuiondoa mahakama kabisa. Bunge likafanya hivyo mwaka 1956, migogoro ya mito ikapelekwa kwenye mabaraza maalum.

Lakini mzee, hapo hapo kuna mchezo. Mto Cauvery, majimbo ya Karnataka na Tamil Nadu. Baraza liliundwa 1990, likatoa uamuzi wa mwisho 2007. Aliyeshindwa kuridhika akapanda Mahakama ya Juu kwa rufaa ya ruhusa maalum, na Mahakama ikasema: kuanzia kwetu mmezuiwa, kukata rufaa kwetu hamjazuiwa. Tarehe 16 Februari 2018 ikapunguza maji ambayo Karnataka inatakiwa kuiachia Tamil Nadu kutoka futi za ujazo bilioni 192 hadi bilioni 177.25 kwa mwaka.

Karani Mstaafu (Mbeya):

Sawasawa. Na ona tofauti: walipofika kwa rufaa, walifika na jalada lililoiva.

Sasa nimjibu Mnyalukolo moja kwa moja. Kwetu mkoa hauna nafsi ya kugombana na mkoa. Njombe ilikuwa Iringa mpaka 2012, Songwe ilikuwa Mbeya mpaka 2016. Ibara ya 2 ya Katiba imempa Rais uwezo wa kuigawa nchi katika mikoa na wilaya kwa kufuata sheria, na ikigawanywa hatujawahi kusikia mkoa umekwenda mahakamani. Wenzetu kule New Jersey na New York walipelekana Mahakama ya Juu mpaka 1998 kuhusu kisiwa kimoja kidogo, Ellis, ambacho kiliongezwa kwa kujazwa kifusi. New Jersey wakapewa sehemu ya kifusi, New York wakabaki na kisiwa cha asili. Ndiyo raha ya kuwa jimbo, kama ni raha.

Tunduma Boda:

Nimesoma kimya kimya toka juu. Mimi ni mfanyabiashara, sheria sijui, ila nakumbuka mwaka 2023 Nigeria walipobadilisha noti, watu wakakosa hela mifukoni, magavana wakaenda moja kwa moja mahakama ya juu na wakashinda. Sasa mbona pale mlango ulifunguka? Mambo ya noti si ya Benki Kuu?

Karani Mstaafu (Mbeya):

Swali la mtu wa mpakani, limekaa pazuri.

Kifungu cha 232 cha Katiba ya Nigeria ya 1999 kinafanana mno na hicho cha India. Kinasema mgogoro kati ya Shirikisho na jimbo, au jimbo na jimbo, lakini kwa sharti: uwe na suala la sheria au la ukweli ambalo kuwepo kwa haki ya kisheria, au ukubwa wake, kunalitegemea. Sharti hilo linazuia magavana kuleta ugomvi wa siasa tu, kwamba Rais katutukana au katunyima barabara. Lazima uonyeshe haki.

Kaduna, Kogi na Zamfara walikwenda, wengine wakajiunga. Serikali ya Shirikisho ikaleta pingamizi ulilolisema wewe: hili ni la Benki Kuu, na mambo ya Benki Kuu Katiba imeyapeleka Mahakama Kuu ya Shirikisho, hamna uwezo. Mahakama ikasema hapana: aliyetoa agizo ni Rais, anayelalamika ni jimbo, na kinachobishaniwa ni kama Rais alipaswa kushauriana na majimbo. Huo ni mgogoro wa Shirikisho na jimbo. Tarehe 3 Machi 2023 ikaamuru noti za zamani za naira 200, 500 na 1000 ziendelee kutumika hadi 31 Desemba mwaka huo.

Kwa hiyo wanaangalia nani anagombana na nani, na juu ya haki gani. Ungekwenda wewe Tunduma Boda na noti zako, hata ukiwa na hoja ile ile neno kwa neno, ungerudishwa. Mlango huo hauangalii ukubwa wa hoja yako.

India jimbo la Bihar liliwahi kupunjwa chuma cha mradi wa umwagiliaji wa Gandak. Likamshitaki mwenye reli, yaani Serikali Kuu, na likaunganisha kampuni za chuma humo humo. Mwaka 1970 Mahakama ya Juu ikasema Ibara ya 131 haina nafasi ya kampuni, hata ikiingia kwa mgongo wa serikali. Na Marekani mwaka 1972 Illinois ilipomshitaki jiji la Milwaukee kwa kumwaga majitaka ziwani, ikaambiwa jiji si jimbo, anzia mahakama ya wilaya ya shirikisho. Maana yake hata tungekuwa na jimbo la Mbeya, Jiji la Mbeya na madampo yake lingeambiwa lisubiri nje.

Dogo wa Sheria (Iringa):

Nigeria ina nyingine tamu, ya 11 Julai 2024. Serikali za mitaa 774 zilikuwa zinalia kwamba magavana wanazikalia fedha zao. Zenyewe haziwezi kuanzia Mahakama ya Juu kwa kuwa si jimbo wala si Shirikisho. Akasimama Mwanasheria Mkuu wa Shirikisho kuwashitaki wanasheria wakuu wa majimbo yote 36, na Mahakama ikaamuru fedha ziende moja kwa moja kwa halmashauri. Yaani wasio na ufunguo wakapitishwa na mwenye ufunguo.

Ila Nigeria ndiyo inayopingana na hoja yako mzee. Kifungu hicho hicho cha 232 kinaruhusu Bunge kuongeza mamlaka ya awali kwa sheria, isipokuwa makosa ya jinai. Na mwaka 2002 waliongeza migogoro ya Bunge na Rais. Sasa Marbury iko wapi hapo?

Karani Mstaafu (Mbeya):

Hainipingi dogo. Bunge la Nigeria limeongeza kwa kuwa Katiba yenyewe imeliruhusu, na imechora mstari kwenye jinai. Aliyeamua urefu wa kamba bado ni Katiba. Shida ya Marshall na ya Nairobi ni Bunge kujipa kalamu ambayo haikupewa.

Kama unatafuta wa kunipinga kweli, nenda Ethiopia. Shirikisho kubwa tu, lakini tafsiri ya Katiba wamempa Baraza la Shirikisho, chombo cha wanasiasa wanaowakilisha mataifa na makabila. Mahakama ya juu haina mlango huo kabisa.

BintiKyela:

Ndaga kwa shule. Swali dogo: na letu la Ziwa Nyasa na Malawi? Huku tunavua kwa wasiwasi kila wakianza kutangaza ramani zao.

Karani Mstaafu (Mbeya):

Binti, hilo ni la nchi na nchi. Hakuna mahakama ya juu ya Tanzania wala ya Malawi inayoweza kumhukumu mwenzake. Hilo ni la usuluhishi au mahakama ya kimataifa. Anzisha uzi wake, nitakuja.

Mzenji wa Soweto (Mbeya):

Nimewavumilia mpaka Ethiopia na Nigeria mmefika, nyumbani hamjafika. Mimi ni mtu wa Unguja nafanya biashara hapa Mbeya. Mnasema Tanzania si shirikisho, sawa, ni Muungano wa serikali mbili. Lakini mlango mnaousema tunao! Ibara ya 125 mpaka 128, Mahakama Maalum ya Katiba. Kazi yake ni moja tu: kusikiliza na kutoa uamuzi wa usuluhishi pale Serikali ya Muungano na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar zinapobishana juu ya tafsiri ya Katiba. Mbona hamuitaji?

Karani Mstaafu (Mbeya):

Nilikuwa naisubiri ije yenyewe. Karibu sana Mzenji.

Kila alichosema ni kweli, na mipaka ya mahakama ile ni mikali kuliko yote tuliyoitaja. Wajumbe wake nusu wanateuliwa na Serikali ya Muungano, nusu na ya Zanzibar. Uamuzi unahitaji theluthi mbili ya wajumbe wa Bara na theluthi mbili ya wajumbe wa Zanzibar, kila upande kwa hesabu yake. Haina uwezo wa kuchunguza wala kubadilisha uamuzi wa Mahakama Kuu au wa Rufani. Na Ibara ya 117 nayo inaizuia Mahakama ya Rufani isiguse ugomvi huo wa serikali mbili. Kwa hiyo mlango mmoja tu, na haujawahi kukalisha watu. Haijawahi kuketi hata mara moja.

Sababu zilikuwepo. Desemba 1992 Zanzibar ilijiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, ikajitoa 1993. Mambo ya nje ni ya Muungano, suala lilikuwa la Katiba tupu, likamalizwa na wanasiasa. Mwaka 2010 Katiba ya Zanzibar ikabadilishwa ikaitaja Zanzibar kuwa nchi, maneno yakawa mengi kila upande, mahakama ile ikabaki kwenye karatasi.

Suala lenyewe la hadhi ya Zanzibar liliwahi kuamuliwa, lakini kupitia mlango wa jinai: kesi ya uhaini ya Machano Khamis Ali na wenzake 17. Mwaka 2000 Mahakama ya Rufani ikasema uhaini hauwezi kutendwa dhidi ya Serikali ya Zanzibar kwa kuwa Zanzibar si dola kamili. Washitakiwa walikuwa watu, si serikali, kwa hiyo ikapita njia ya kawaida. Swali zito kabisa la Muungano limejibiwa katika kesi ambayo Serikali ya Muungano haikuwa hata mlalamikaji.

Mzenji wa Soweto (Mbeya):

Na ndiyo maana sisi tunaona mlango ule umejengwa usifunguke. Theluthi mbili kila upande! Nani atashinda?

Karani Mstaafu (Mbeya):

Hapo nakubaliana nawe bila kusita. Marekani, India, Nigeria wamebana nani aingie na kwa suala gani, lakini akishaingia, wingi wa majaji unaamua, na aliyeshindwa ameshindwa. Sisi tumebana mpaka kushinda kwenyewe. Hiyo ni meza ya mazungumzo iliyovalishwa joho.

Dogo wa Sheria (Iringa):

Rasimu ya Katiba mpya ya Tume ya Jaji Warioba ya 2013 ilipendekeza serikali tatu na Mahakama ya Juu. Tuchukulie ingepita. Swali la Mnyalukolo lingejibika? Iringa ingeweza kumpeleka Mbeya juu kwa ajili ya maji ya Mtera?

Karani Mstaafu (Mbeya):

Hapana. Washirika wangekuwa Tanganyika na Zanzibar, na juu yao Muungano. Iringa na Mbeya zote zingebaki ndani ya Tanganyika, mikoa kama ilivyo leo. Ruaha haugusi Zanzibar popote.

Mnyalukolo:

Kwa hiyo tumebaki na Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji.

Karani Mstaafu (Mbeya):

Ambayo ofisi yake ipo hapo hapo kwenu Iringa. Kwa shauri la maji ya Usangu una safari fupi kuliko gavana wa Arizona. Ukienda, beba vipimo vya mto vya kiangazi na vya masika, usiende na maneno matupu.